Usubi wa Kichuguu na Usubi wa Zizi

Kwenye kichuguu cha jirani yangu nilihesabu usubi thelathini na mmoja. Kwenye zizi letu sisi nilihesabu sifuri. Hesabu zote mbili niliziandika mwenyewe, kwa kalamu ile ile ya bluu, asubuhi ile ile, na nusura zimpotezee mama mmoja mjane kitu alichoachiwa na mumewe ambacho bado kinampa mboga. Nataka kueleza ilivyokuwa. Sitaki kujitetea, na sitaki pia kujibebesha makosa yasiyo yangu, maana hilo nalo naliona ni uongo wa aina yake.

Nilisoma mpaka darasa la saba. Mwandiko wangu unasomeka, na nadhani ndiyo sababu hasa nilichaguliwa kuhesabu usubi hao. Kitongojini kwetu wapo wenye akili kunizidi, ila walichoandika jana leo wenyewe hawawezi kukisoma. Daftari ninalo tangu nilipoolewa. Naandika siku mvua ilipoanza, ng'ombe aliyezaa, nani alikuja kutusalimu na tulimpa nini. Mume wangu hulitazama kwa jicho la kando.

"Hilo daftari," husema, "ipo siku litatushtaki."

Anatania, lakini si sana.

Tunakaa upande wa Nkoma, kwenye mashamba ya pamba. Mwaka huo mtu mmoja wa kitongoji chetu, aliyekuwa amekwenda kuchunga mifugo ya watu mbali sana kaskazini, alirudi na homa isiyoondoka. Akipimwa malaria, haionekani. Akipewa dawa, homa haisikii. Alikonda mpaka shati likawa linamvaa yeye, ila tumbo upande wa kushoto lilikuwa limejaa na gumu. Mwenyekiti wa kitongoji, ambaye ni shemeji yake, alimbeba kwa pikipiki mpaka Bariadi. Baada ya vipimo vingi na safari nyingine zaidi ya hiyo, wakaambiwa ni bandama imevimba, na kwamba ugonjwa wenyewe unaitwa kala-azar, na unaenezwa na usubi. Alitibiwa, akapona, sasa hivi analima. Swali lililobaki ni moja: aliupata huko alikokuwa, au aliupata hapa kwetu?

Ndiyo akaja mtaalamu wa wadudu, dada mmoja mwembamba, mwenye Kiswahili cha Dar na viatu vilivyokuwa vyeupe siku ya kwanza tu. Alituita kwenye darasa la shule, watu wazima tumekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Naandika aliyoyasema kama nilivyoyaelewa, na kama nimekosea kosa ni langu.

Alisema usubi ni mdogo kuliko mbu, mara mbili au tatu mdogo. Rangi yake kama mchanga, mwili una vinyweleo, na akitua anainua mabawa juu badala ya kuyalaza. Haimbi sikioni kama mbu. Haruki mbali wala juu sana, anadunda dunda tu ukutani, hapa na pale. Anayeuma ni jike peke yake, kwa sababu anataka damu ya kuyakomaza mayai. Na mayai hayo hatagi kwenye maji. Anataga kwenye udongo wenye unyevu na uozo: kwenye nyufa, kwenye mashimo ya panya, kwenye vichuguu, chini ya samadi ya zizini. Funza wake ni wadogo sana, wanakula huo uozo mpaka wakue.

Mzee mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Kwa hiyo mbu anataka maji, huyu anataka mavi?"

"Ndiyo, mzee. Mavi yaliyokaa muda."

"Basi huku kafika kwao."

Darasa zima likacheka, na yule dada naye akacheka. Halafu akasema kuwa kumshinda usubi hakuanzi na dawa, kunaanza na kujua yuko wapi. Ukishajua, unaondoa samadi, unaziba nyufa, unatenganisha zizi na nyumba ya kulala, unalala kwenye chandarua chenye matundu madogo kilichotiwa dawa, na ikibidi unapuliza ukutani. Lakini ukipuliza mahali asipokuwepo, umepoteza dawa na umewachosha watu.

Ili kujua alipo, tulitumia karatasi. Karatasi nyeupe ya kawaida, ya ofisini, inapakwa mafuta ya nyonyo pande zote mbili, inashikizwa kwenye kijiti. Jioni unaisimamisha kwenye ufa wa ukuta, au unaikunja na kuiingiza mdomoni mwa tundu. Usubi akitoka, anagusa karatasi, ananasa. Asubuhi unamtoa kwa brashi ndogo iliyochovywa kwenye spiriti, unamweka kichupani, unaandika. Yule dada alinionyesha kwa siku mbili, akaniachia karatasi na mafuta, akaenda vijiji vingine. Maeneo yalikuwa sita, mawili kila jioni. Ya jioni ya mwisho yalikuwa kichuguu cha jirani na zizi letu.

Hapa lazima nieleze habari ya kichuguu.

Kwetu kichuguu kina mwenyewe. Kinaweza kuwa kwenye shamba la mtu mwingine kabisa, lakini kumbikumbi wanaotoka humo ni wa yule aliyekirithi, na watu wote wanajua. Mvua za kwanza zikinyesha, mwenyewe anakwenda na shuka na ndoo, anafunika, anakusanya. Wanakaangwa, wanaanikwa, wanakaa miezi. Jirani yangu huyu mjane, ambaye mimi humwita mayu kama ninavyomwita mama yangu, alionyeshwa kichuguu kile na mumewe mwaka walipooana. Mume amefariki, ng'ombe waliugua wakaisha, watoto wako mbali. Kichuguu kimebaki. Akishakausha kumbikumbi wake, ana mboga mpaka mlenda uote tena, na wengine anabadilishana kwa michembe ya viazi vikavu na mahindi.

Tatizo ni kwamba kichuguu kinakua. Kilianza upande wake wa ua wa minyaa, lakini miaka ilivyokwenda kimepenya katikati ya minyaa, na sasa bega lake moja liko uwanjani kwetu. Mwaka mmoja, kama miaka saba hivi iliyopita, kumbikumbi walitoka kwa wingi upande wetu. Nikatandika shuka langu. Nilikuwa na watoto wadogo na niliona si wizi, wametoka kwenye ardhi tunayofagia sisi. Mayu akazunguka ua, akafika. Aliwakung'utia kwenye ndoo yake, akakunja shuka langu kona kwa kona, vizuri kabisa, kama la kuweka sandukuni, akanikabidhi.

Tangu siku ile tunasalimiana, tunazikana, tunaazimana chumvi. Ila lile shuka sijawahi kulitandika tena uwanjani.

Basi jioni ile nikaenda na karatasi zangu.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu.

"Mwadila." Alikuwa anachambua dengu kwenye ungo. Akatazama chupa yangu. "Hayo ya nani?"

"Ya wadudu, mayu. Ya kuwanasia."

"Wadudu wanapakwa mafuta, sisi magoti yamepauka."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaniangalia nikichutama kwenye tundu la kwanza.

"Unaweka ngapi?"

"Nne."

"Na kwenu?"

"Nne vile vile."

"Haya. Uhesabu vizuri."

Nilipaka karatasi zake bila kubana. Zikawa zinang'aa. Nilipofika kwetu zizini na kuinamisha chupa, yakatoka matone machache, nikaigonga kwenye kiganja, nikaisubiri, hakuna. Jua lilikuwa linazama. Jikoni kulikuwa na mafuta ya pamba, yale tunayopikia. Mume wangu alisema mafuta ni mafuta. Alisema, ni kweli, lakini mkono uliopaka ulikuwa wangu, na ni mimi niliyefundishwa, si yeye. Nilipaka karatasi nne, nikazisimamisha kwenye nyufa za ukuta ule ambao upande mmoja ni zizi na upande wa pili ni chumba tunacholala.

Asubuhi kichuguu kilitoa thelathini na mmoja. Zizi likatoa sifuri.

Nilifurahi. Ningeweza kuliruka hilo, hakuna aliyeniona nikifurahi. Sikufurahi kwa ubaya mkubwa, ilikuwa furaha ndogo tu, kama ya mtu aliyesikia kwamba mwalimu hakumtaja yeye. Nikajisemea, kumbe wako kwake.

Kichupa kilipelekwa kwa bodaboda mpaka Lagangabilili, kikaendelea huko kinakopelekwa. Hesabu nilimtumia yule dada kwa simu. Mwenyekiti alikuja mwenyewe kuliangalia daftari, akaweka kidole kwenye thelathini na mmoja, akakiacha hapo.

"Jumamosi tunabomoa," akasema.

Nikampigia mtaalamu, nikampa mwenyekiti simu. Nilisikia sauti ya yule dada ikisema wasibomoe kwanza, asubiriwe awaangalie kwenye hadubini, kwa sasa matundu yazibwe tu kwa udongo.

"Nitaziba leo," mwenyekiti akamjibu, "lakini Jumamosi majembe yanakuja. Kama jibu halijafika, mimi simsubirishi mtu mwingine augue."

Alikuwa na haraka, na simlaumu. Ndiye aliyeendesha pikipiki ile na mgonjwa amefungwa mgongoni kwake kwa kitenge ili asianguke. Mtu aliyebeba mzigo huo ana haki ya kuogopa kuliko mimi.

Tulikwenda wawili kumwambia mayu.

"Kimewakosea nini?" akauliza.

"Kina wadudu, mama," mwenyekiti akasema. "Thelathini na mmoja."

"Kawahesabu nani?"

Mwenyekiti akanitazama. Nikasema, "Mimi, mayu."

"Ahaa."

Akaenda kuchota maji, akachanganya udongo mwenyewe, kwa mikono yake. Sikuweza kusimama nikimtazama, nikakunja mikono ya blauzi nikamsaidia. Tuliziba upande wake wote, tundu kwa tundu, tunashindilia kwa ngumi. Ya upande wetu tuliyaacha mpaka mume wangu apunguze minyaa, maana utomvu wake ukiingia jichoni utalia siku nzima. Tulipokuwa tunaosha mikono, mayu akasema, si kwangu hasa, kama anayesema na kichuguu, "Mvua ikinyesha watatokea wapi?"

"Sijui, mayu."

"Hujui. Lakini kuhesabu unajua."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi alasiri nilikaa kupanga karatasi zote kwenye bahasha, maana tuliambiwa tuzihifadhi. Karatasi za kichuguu ziling'ang'ania kidole changu. Nikiinua kidole, karatasi inainuka nayo. Nikachukua za zizini. Zilikuwa zimelowa tangu jana kama karatasi za kufungia maandazi, lakini juu zilikuwa kavu. Mafuta yalikuwa yamenyonywa ndani, na yaliyobaki yalikuwa yamefunikwa na vumbi la samadi. Nikaweka kidole. Nikainua. Karatasi ilibaki chini.

Nikarudia mara ya pili, na ya tatu, kwa zote nne.

Jioni ile nilichukua simu yenye tochi, nikachutama kwenye ukuta wa zizi wakati ng'ombe wanaingia. Kwa muda sikuona kitu isipokuwa inzi. Halafu, kwenye ule ufa mrefu ulio usawa wa kitanda chetu kwa ndani, kitu kikadunda. Kikatua. Kidogo, rangi ya mchanga, mabawa kimeyainua. Kando yake kingine. Nilihesabu saba kwa macho tu, nikazima tochi.

Nimejiuliza mara nyingi kama jioni ile ya mafuta nilijua. Je, kama ningeanza kwetu, na mafuta yakaisha kabla sijafika kwa mayu, ningempaka ya pamba na kusema ni yale yale? Nadhani ningekwenda kutafuta nyonyo. Nadhani. Sina hakika, na daftari halinisaidii, maana siku ile niliandika tu "mafuta yameisha", sikuandika nilifanya nini baada ya hapo.

Nikamweleza mume wangu.

"Kuna mtu kakuuliza?" akasema.

"Hakuna."

"Basi si hakuna?"

Nataka asomwe vizuri hapo. Si mtu mbaya. Ng'ombe wa watu wameibwa kitongojini kwetu, na zizi tuliliegemeza kwenye ukuta wa chumba ili akikohoa ng'ombe tusikie. Alijua likitajwa litahamishwa. Kwake zizi lile ndilo mlango wa nyumba. Akavuta viatu vyake, akasema, "Mpigie huyo dada. Lakini usinitaje kwamba nilisema mafuta ni mafuta."

Sikumtaja. Hapa namtaja kwa sababu ameniruhusu baadaye, akicheka.

Yule dada alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea anikaripie. Akasema, "Mama, umefuta?"

"Bado. Nataka kufuta sasa."

"Usifute. Sifuri iache. Andika kando yake mafuta uliyotumia, na ilivyokuwa asubuhi. Halafu kesho jioni rudia hapo zizini, karatasi nne, nyonyo."

"Nyonyo imekwisha."

"Huko kwenu si inaota? Tafuta hapo hapo."

Inaota, ndiyo. Lakini siku hizi wanaochemsha mbegu zake na kuengua mafuta ni wachache, na katika kitongoji chetu namjua mmoja. Ana mnyonyo mkubwa nyuma ya jiko lake, na chupa haikosi kwake, kwa ajili ya miguu inayouma.

Ijumaa asubuhi nikaenda na chupa tupu nimeificha kwenye kanga. Nilikuwa nimepanga kuomba mafuta kwanza, halafu nieleze. Njiani nikaona hiyo si sawa: angenipa bila kujua anampa nani. Nikageuza mpango. Nilipofika, hata salamu haijaisha vizuri, nikamwambia yote. Karatasi zake, mafuta mazito. Karatasi zangu, mafuta ya kupikia. Thelathini na mmoja wake, na sifuri yangu ambayo haikuwa sifuri.

Mayu alikuwa ameshika mti wa kusongea ugali. Akauweka chini.

"Kwa hiyo mimi ulinipaka mazito, mwenyewe ukajipaka mepesi."

"Ndiyo, mayu."

"Na majembe kesho."

"Ndiyo."

"Kwa nini umekuja kwangu? Si ungemwendea mwenyekiti?"

"Nitamwendea. Nimekuja kuomba nyonyo. Nirudie kwetu."

Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kisichokuwa na furaha nyingi. "Ng'wanawane, mwanangu," akasema, "wewe una uso mkavu." Akaingia ndani, akatoka na chupa yake imejaa, akaimimina kwenye yangu polepole mpaka shingoni. "Paka. Na nitakuja kuangalia unavyopaka."

Akaja kweli. Alikaa kwenye kigoda uwanjani kwetu, mara ya kwanza tangu lile shuka, akaangalia karatasi ya kwanza, akasema, "Ongeza." Ya pili, "Ongeza." Mume wangu alipita na ndoo ya maziwa, akamsalimu kwa heshima zote, akapotea.

Jumamosi asubuhi, kabla ya majembe, zizi letu lilitoa usubi ishirini na wawili. Sikuwahesabu peke yangu, mayu alihesabu nami, kila mmoja, kwa kidole. Mwenyekiti alipofika na vijana wake, nilimwekea karatasi zote mezani, za pamba na za nyonyo, nikamwambia aweke kidole mwenyewe. Akaweka.

"Sasa nibomoe na zizi?" akauliza.

"Anza na zizi," mayu akasema.

Vijana wakacheka, na mwenyekiti naye mwishowe akacheka. Wakaenda kulimia shule nyasi kwa majembe yale yale, ili wasirudi mikono mitupu.

Kichupa cha zizini nacho tulikituma, na jibu la hadubini la vyote viwili lilikuja wiki iliyofuata. Yule dada alinipigia akanieleza polepole, nikiandika. Usubi si aina moja. Wale wa kichuguu karibu wote walikuwa wa aina inayonyonya mijusi na vyura, ambao hukaa humo ndani, na mtu hawamjali. Wa zizini walikuwa mchanganyiko, na kati yao walikuwemo wa ile aina inayouma watu. Nikamuuliza kama tutaugua.

"Mama, kuwepo kwa usubi si kuwepo kwa ugonjwa. Sijaona ugonjwa ndani yao. Lakini usiwaache walale na ninyi chumba kimoja."

Yule mgonjwa wetu aliupata wapi, hatujajua mpaka leo. Yule dada alisema huenda ni huko kaskazini. Alisema huenda, na mimi naandika huenda.

Mume wangu alihamisha zizi. Alilalamika siku mbili, siku ya tatu akaanza kuchimbia nguzo, mbali na nyumba, na mbwa wawili akawahamishia huko. Samadi ya zamani tuliikwangua mpaka chini, tukaipeleka shambani. Ule ufa mrefu niliuziba mimi, kwa udongo na majivu, kisha nikasiriba ukuta mzima. Vyandarua tulivyopewa vilikuwa vizito kuliko vya zamani, na joto humo ndani si la mchezo.

Nilidhani mambo yameisha. Nilisahau matundu.

Mvua ya kwanza ilinyesha mchana, kubwa, ikakata alasiri. Ardhi ikatoa ule mvuke wake. Nilikuwa nakamua nguo zilizolowa kambani nilipoona bega la kichuguu, upande wetu, linameta. Walikuwa wanatoka. Upande wa mayu ulikuwa umezibwa kwa ngumi zetu wenyewe, udongo umekauka kama tofali, basi kumbikumbi wote wa kichuguu kizima walikuwa wanatokea kwetu, kwenye yale matundu tuliyoyaacha kwa sababu ya minyaa, wanamiminika juu ya ardhi ninayofagia mimi.

Mayu alikuwa amesimama ng'ambo ya ua, shuka kwapani, ndoo mkononi. Hakuita. Alikuwa anaangalia.

Nilikwenda pale mume wangu alipokuwa amekata minyaa, nikashika tawi lililobaki nikalivuta pembeni.

"Pita, mayu."

"Huko ni kwenu."

"Uwanja ndio wetu. Hao ni wako."

Alisimama bado. Kumbikumbi walikuwa wanapotea hewani, kuku walishaanza. Nikasema, "Mayu, wanaisha!" Hapo akapita, haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akatupa shuka juu ya matundu, akanirushia kona mbili. "Shika! Usiache mwanya! Wewe, kuku hao!" Nikashika. Tulizunguka kichuguu kile kama watu wanaotandika kitanda cha mgonjwa, tunakung'uta, tunafunika, mpaka jua likazama na ndoo zake mbili zikajaa mpaka juu.

Akachota bakuli moja, akalimimina kwenye sinia langu.

"La nini, mayu?"

"La kushika kona."

Sijui kama ilikuwa msamaha au ujira. Niliandika kama alivyosema: bakuli moja, la kushika kona. Ukurasa wa nyuma yake ile sifuri bado ipo, na maandishi kando yake.

"Kesho uje na kijiti," akasema akijitwisha ndoo. "Tuliziba wawili."

Asubuhi nikaenda. Tulichutama upande wake, tukaanza kutoboa udongo tundu kwa tundu. Kwenye tundu la tatu mjusi alitoka, mnene, akapita juu ya mkono wa mayu bila haraka, akapotelea kwenye minyaa.

"Huyo ndiye wanayemnyonya?" akaniuliza.

"Huyo huyo, mayu."

"Na wewe ukanihesabia mimi." Akaendelea kutoboa. "Mwandike na yeye."

Nikamwandika.